Biro ya Pili ya Sine Riziki

Harufu ya esanse, yaani petroli, ikichanganyika na jasho la watu na karanga zinazokaangwa hunirudisha Kasongo, ingawa mimi sijawahi kuihama Kasongo. Nikipita kwa wauza mafuta ya chupa kando ya soko, pua inanigeuza kuwa mtoto wa miaka kumi, nimekaa kwenye mkeka wa mbele kabisa, magoti kifuani, nikisubiri baba avute kamba ya grupu. Grupu ndivyo tulivyoiita jenereta. Lilikohoa mara mbili tatu nyuma ya ukuta, likakubali, na televisheni iliyokuwa juu ya meza ikaanza kupata nuru polepole. Ukumbi ulikuwa wa matofali ya udongo, umeezekwa bati mbele na majani nyuma, kwa sababu bati lilimwishia baba katikati ya paa. Madirisha yalizibwa kwa magunia ili jua lisiingie, maana maonyesho yetu yalianza baada ya sala ya alasiri na kwisha kabla ya magharibi. Jumapili tulianza mapema, watu wakitoka misa. Ndani palikuwa na joto la kuivisha mayai na hakuna aliyelalamika. Juu ya mlango baba alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: SINE RIZIKI. Riziki ni mimi. Wenzangu walibeba majina ya bibi zao, mimi nikabeba jina la sinema, na nilitembea shuleni kwa maringo ambayo leo ningemchapa mtoto wangu kwa ajili yake.

Filamu zetu nyingi zilikuwa za Wachina wanaopigana juu ya mapaa, na baba hakujua Kichina. Hakujua pia Kiingereza kilichoandikwa chini ya picha, na Kifaransa chake kiliishia pale alipoachia shule. Hayo hayakumzuia kuwa mfasiri. Alisimama kando ya televisheni na kijiti cha mwanzi mkononi, akamwelekezea kila aliyefungua mdomo, akasema kwa niaba yake maneno ambayo yeye baba aliona yanamfaa. Filamu moja ilipendwa kuliko zote. Mtu mwenye upanga mgongoni anasafiri peke yake. Anafika kwenye nyumba, mwanamke anamfungulia mlango na kumpa maji. Anapigana na majambazi hadi paa zinaanguka. Mwisho anaondoka kwenye njia ndefu, ametupa mgongo, mpaka ukungu unammeza. Baba alimwita Kisubi. Jina peke yake halikutosha, kwa sababu kwetu mtu haanzi kuwa mtu mpaka ijulikane amezaliwa na nani. Siku ya kwanza kabisa mzee mmoja alipaza sauti kutoka nyuma: "Simamisha kwanza! Ule mwenye upanga, iko mutoto wa nani?" Baba akasimamisha picha, upanga ukabaki hewani, akajibu bila kupepesa jicho: "Kisubi mutoto wa Lumbu. Mama yake alitoka ng'ambo ya Lualaba." Mzee akasema, "Aa, basi endelea," na ukumbi mzima ukatulia.

Mambo yalipokwenda vizuri baba alifungua ukumbi wa pili Kabambare, akamkabidhi mdogo wake, baba mdogo Amisi. Ukaitwa Sine Riziki 2. Ile santuri yenye filamu ya Kisubi ilikuwa moja tu, kwa hiyo ikawa inazunguka: juma hili kwetu, juma lijalo Kabambare, imefungwa kwenye kipande cha kitenge na kukaa kifuani mwa Shabani, mchuuzi wa chumvi na sabuni aliyekuwa na moto, yaani pikipiki, yake mwenyewe. Santuri ilikwenda peke yake. Maneno hayakwenda nayo. Baba mdogo Amisi alipoulizwa kule Kabambare mwenye upanga ni mtoto wa nani, alimfanya Mubangubangu, mtu wa kabila la kule, tena wa ukoo wa jirani yake. Haikupita miezi miwili wauza maharage kutoka Kabambare wakashikana mashati na wauza mchele wa kwetu, katikati ya soko la Kasongo. "Kisubi iko wetu, Mubangubangu kabisa!" "Wenu? Mama yake tunamujua hapa!" Walioamua walikuwa wanawake. Wakasema Kisubi amezaliwa Kabambare lakini ameoa Kasongo, na yule mwanamke wa mlangoni ndiye mke wake. Kwa hiyo pande zote mbili ni mashemeji na zina haki ya kutaniana. Watu wakacheka, mashati yakaachiwa. Tangu siku hiyo Kisubi akawa na mke Kasongo, na hakuna aliyemuuliza Mchina.

Kisha ikaja dhahabu. Ilikuwapo siku zote, lakini miaka ile vijana walimiminika kwenye machimbo ya Salamabila kutoka kila upande, Waislamu kwa Wakristo, na mtu aliyeshinda shimoni akitoka anataka kuona kitu kisicho udongo. Baba aliona mbali. Akanunua televisheni nyingine na grupu dogo, akavifunga kwenye moto mbili, akasema anakwenda kufungua Sine Riziki 3 na atarudi kabla mpunga haujavunwa. Aliniinua, akaniambia jina langu sasa litaandikwa mahali patatu. Nilifurahi. Nilidhani mtu hawezi kumsahau mtoto ambaye jina lake analiona kila anapofungua mlango. Mpunga ukavunwa, ukatwangwa, ukaliwa, mwingine ukapandwa, baba hajarudi. Simu wakati ule zilikuwa za wachache, na mawasiliano yalipatikana ukipanda kilima. Tulichokuwa nacho ni Shabani, ambaye sasa aliifikisha santuri mpaka Salamabila, na salamu zake. Asiyekuwepo na lake halipo, husema watu, na niliwasikia wakilisema hilo karibu na mama kwa sauti ambayo si ya kunong'ona.

Kabla ya kuondoka baba alimwachia kijiti cha ufasiri mwalimu mmoja wa sekondari aliyejua Kiingereza kwelikweli. Huyo ndiye aliyekaribia kutuua. Alisoma maandishi ya chini na kufasiri yaliyoandikwa, hakuongeza hata chumvi. "Anasema: subiri. Anasema: sawa. Anasema: nimeelewa." Watu walitazamana. Kisubi wao, aliyekuwa akitukana majambazi kwa methali saba mfululizo, alikuwa amegeuka karani wa posta. Jumatano ukumbi ukawa nusu, Ijumaa tukawa sita, pamoja na mimi na mbuzi aliyekimbia jua. Mama alikuwa anauza mchele sokoni, na sauti yake ilizoea kushinda sauti za wengine. Jumamosi alimshukuru mwalimu kwa adabu zote, akachukua kijiti, akasimama mahali pa baba. Mwanamke mmoja akauliza swali ambalo siku zote za baba halikuwahi kuulizwa: "Na ule mwanamuke wa mulango je? Iko mutoto wa nani?" Mama akasimamisha picha. Akasema anaitwa Mwasiti, wazazi wake ni walima mpunga wa hapa karibu, na mume wake amekwenda mbali kutafuta. Juma lililofuata wanawake walikuja na watoto mgongoni mpaka mikeka haikutosha.

Siku Shabani alipoleta ile habari nilikuwa sokoni na mama, nimeshika mdomo wa gunia. Soko lilikuwa limejaa. Akazima moto, akapaza sauti kwa furaha ya mtu aletaye mema: "Mama Riziki! Papa Riziki anakusalimia sana. Anasema kule mambo iko muzuri. Amefungua biro ya pili!" Vichwa vyote vikamgeukia mama. Wenzetu wa Tanzania husema nyumba ndogo. Sisi wa Kongo, kwa kurithi Kifaransa na ufisadi wake, ofisi tunaiita biro, na mwanamke wa pembeni tunamwita biro ya pili. Hata mtoto wa miaka kumi alijua. Shabani mwenyewe alijisikia akisema, akaona nyuso, akaanza kujitetea: "Hapana, mama, biro... biro ya kazi..." Lakini neno likishatoka halina hatamu. Mama aliendelea kupima mchele wa mteja, akausawazisha kwa kiganja, akaumimina. Akasema, "Muambie nimesikia." Mimi nilitaka ardhi inimeze. Niliona nyumba yetu imekwisha, na kwamba kule Salamabila kuna mtoto mwingine atakayezaliwa ambaye baba atamwandikia jina lake juu ya mlango mwingine.

Siku iliyofuata, Kisubi alipofika mlangoni na kuomba maji, mama hakusema maneno ya kila siku. Alinyoosha kijiti na Mwasiti akasema: "Kisubi, maji iko. Lakini kama uko na nyumba ingine ya kukunywa maji, enda ukunywe kule." Vigelegele vikapigwa mpaka magunia ya dirishani yakatikisika. Kijana mmoja akapinga: "Mama, mudomo yake imeshafunga!" Mama akamjibu bila kugeuka: "Mudomo imefunga. Roho haiyafunga." Akaendelea, na Mwasiti akasema mambo mengi juu ya mvua inayovuja mahali bati lilipoishia, na juu ya mtoto anayekwenda kumngoja baba barabarani kila anaposikia moto. Nilishtuka. Nilidhani mama hajui kwamba ninakwenda barabarani. Shabani naye alikuwa kwenye benchi la nyuma, amejikunyata, na asubuhi yake santuri ilikuwa kifuani mwake kuelekea Salamabila, pamoja na kila neno alilolisikia.

Hivyo ndivyo wazazi wangu walivyogombana msimu ule mzima, kupitia midomo ya Wachina. Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Nilikimbilia moto kabla haijasimama, na Shabani akasimulia huku mama akitwanga uani, mchi ukipungua kasi kila maneno yalipokuwa muhimu. "Kule Kisubi hapigane tena! Anaongea tu! Wachimbaji wamekasirika kabisa. Anasema: Mwasiti, ile iko biro ya kuuzisha tikiti. Iko na meza moja na kiti moja, na kiti yenyewe imevunjika muguu." Nilicheka kwa nafuu, nikamtazama mama. Hakucheka. Alasiri ile Mwasiti alijibu mbele ya watu: "Meza leo, kesho kitanda." Na ilipofika mwisho, Kisubi akishika ile njia ndefu, mama aliongeza jambo ambalo liliniuma zaidi: "Muangalie mugongo yake. Mwanaume mwenye kurudia nyumbani, unaona uso yake. Huyu munaona mugongo." Picha ile tulikuwa tumeiona mara mia na hakuna aliyewahi kuitazama hivyo. Baba angeweza kubadilisha maneno yote, lakini mgongo ule hakuna kijiti kingeweza kuugeuza.

Jibu la baba kwa hilo ninalo mpaka leo, nililisikia kwa kinywa cha Shabani nikiwa nimeshika usukani wa moto yake kwa mikono miwili asiondoke kabla hajamaliza. Kule Salamabila, wakati wa mwisho, baba alikuwa amewaambia wachimbaji: "Ninyi munaona mugongo kwa sababu muko huku. Watu wa Kasongo, wao wanaona uso. Anarudia kwake." Shabani akasema wanaume wazima, wenye udongo masikioni, walishika vichwa, maana kila mmoja alikuwa na kwao. Santuri iliporudi kwetu na Kisubi akafika kwenye njia yake, sikungoja. Niliinuka kwenye mkeka, nikazunguka nyuma ya televisheni kuona uso. Nilikuta nyaya, vumbi na mjusi. Watu walicheka sana na mama akaniita nirudi mahali pangu. Nilikaa nikilia, nikiwa na uhakika kwamba nimechelewa kidogo tu.

Alirudi siku ya soko, katikati ya onyesho. Mlango ulifunguliwa, mwanga ukaingia, watu wakapiga kelele kama kawaida, "Funga mulango!" halafu wa nyuma wakanyamaza, kisha wa katikati. Baba alikuwa amesimama, vumbi limemgeuza mwekundu mpaka kwenye kope. Nje, juu ya moto ya Shabani, televisheni ya Salamabila ilikuwa imefungwa kwa kamba za mpira. Alikuwa ameifunga Riziki 3. Mama alimwona, na hakusimamisha picha. Baba akakaa kwenye benchi la mwisho, mahali pa watu waliolipa, na akawa mtazamaji. Nilitaka kukimbia kwake, nikabaki kwenye mkeka. Nilikuwa namwogopa kidogo, alikuwa amekonda. Majambazi wakapigwa, mapaa yakaanguka, Kisubi akashika njia. Mama akainua kijiti na hakusema kitu. Watu wakaanza: "Fasiri! Mama Riziki, fasiri!" Ndipo baba akasema kutoka nyuma, kwa sauti ya Kisubi ambayo Kasongo haikuisikia kwa misimu miwili ya mpunga: "Amefika." Mama akajibu, "Basi aoge kwanza, vumbi imemujaa." Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, na mimi nikapita juu ya mabega ya watu mpaka kwa baba.

Biashara haikupona baada ya uamuzi ule. Mahali petu pa Salamabila palichukuliwa na mtu mwingine katika juma lilelile, dhahabu ikiwa bado kileleni, na mtu huyo leo ana nyumba za ghorofa. Kasongo walimcheka baba kwa miaka: mwanaume aliyekimbia dhahabu kwa kuogopa neno. Yeye alisema fimbo ya mbali haiui nyoka, wakacheka tena. Ukumbi wa Kabambare mvua ilichukua ukuta wake, baba mdogo akaujenga, mvua ikarudi, akageukia shamba la karanga. Ukabaki wetu, na katika miaka yangu yote sijui wakati mtamu kuliko huo, maana sasa walifasiri wawili, baba sauti za wanaume, mama za wanawake, na Kisubi na Mwasiti walibishana mlangoni mpaka majambazi wakawa wanasubiri zamu. Baadaye zikaja simu zenye kioo. Vijana walianza kujaziwa filamu kwenye kadi ndogo kuliko kucha, kila mmoja akaenda kuangalia yake pembeni, na mikeka yetu ikawa mirefu kuliko watu. Baba alifasiri mpaka siku ya mwisho, kwa watu wanne. Leo ukumbi ule ni ghala la mchele. Yeye amekwishatangulia, na sauti yake hakuna aliyeirekodi. Tulidhani itakuwapo kesho. Ninaikosa sauti ile kuliko ninavyoweza kusema, na ninamwonea wivu kila aliyekaa kwenye benchi akaisikia akiwa mtu mzima, akaelewa utani wote.

Mimi sasa ni mke na mama wa watoto watatu, na mume wangu yuko Salamabila, mwaka wa tatu huu. Si mchimbaji, anauza vipuri vya moto. Mawasiliano yamekuwa mazuri siku hizi. Kila siku mchana, wateja wakipungua, ananipigia kwa picha, na uso wake unatokea wazi kabisa mkononi mwangu. Naona hata ndevu asizonyoa. Watoto wanamwonyesha madaftari, anawasifu. Hakuna Shabani wa kusubiri barabarani, na wangu wa mwisho hajui kwamba baba ni kitu chenye uzito kinachoweza kukubeba. Juzi, baada ya kuzima simu, nilimkuta mama ameketi na ungo, anachambua mchele, ametusikiliza. Sijui kwa nini nilimuuliza siku ile jambo ambalo sikuwahi kumuuliza: alijua lini kwamba biro ya baba ilikuwa biro kweli? Mama akatoa jiwe, akalitupa. "Pale sokoni. Shabani alipoanza kujitetea. Baba yako hakukuwa na akili ya kuficha mwanamuke, hata zawadi ya sikukuu alishindwa kuficha." Nikamwambia, lakini, mama, ile dhahabu yote, ile Riziki 3, watu walivyomcheka! Kwa nini ulimwacha ajitetee msimu mzima? Akanitazama kama mtu anayeulizwa jina lake. "Nilikuwa nataka arudie. Salamu ya kusema rudi ningetuma na nani, mbele ya soko muzima?"

Akatikisa ungo mara mbili. Kisha akauliza, mikono bado inafanya kazi: "Wewe, wa kwako, umemuambia arudi?" Nikafungua mdomo kumjibu kwamba tunaongea kila siku. Tunaongea juu ya homa ya mtoto, bei ya mchele, paa, vipuri vilivyochelewa, mvua. Nilipitia moyoni mazungumzo yote ya miaka mitatu, moja baada ya jingine, nikitafuta. Sikuwa nimemwambia.